Mtu Apunguzapo Ugali, Ale Nini?

Maneno yangu ya leo ni habari ya chakula. Sitawafundisha kupika, maana katika jambo hilo kina mama wanaonisikiliza wanajua kunipita. Nataka tufikiri pamoja juu ya sahani ya mtu aliyepunguza ugali.

Siku hizi twasikia watu wengi wakisema, "Mimi nimeacha wanga." Mmoja ameambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa kisukari. Mwingine ameona mwili wake umekuwa mzito, hata kupanda kilima kidogo humtoa pumzi. Wa tatu amezisikia habari hizo sokoni tu, akazipenda. Wote hao huuliza swali moja: Niache nini? Ni wachache waulizao swali la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza: Nikisha kuacha, niweke nini mahali pake? Mtu aking'oa nguzo ya nyumba asiweke nyingine, asishangae paa likimwangukia.

Wanga ni kile chakula cha kutia nguvu kilichomo katika mahindi, mchele, mtama, muhogo, viazi, magimbi na ndizi za kupika. Sukari ni ndugu yake. Tumboni wanga hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kwa mtu mwenye siha hakuna dhara, kwa maana mwili wenyewe hutoa kitu kiitwacho insulini, nacho huifungulia sukari mlango ipate kuingia katika misuli na kufanya kazi. Lakini kwa mwenye kisukari insulini hiyo ni haba, au mlango umekuwa mgumu kufunguka. Basi sukari hubaki katika damu, na miaka ikipita huharibu macho, figo, miguu na moyo. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hiyo hushauriwa apunguze wanga. Shauri hilo ni jema. Lakini hata shauri jema, likishikwa upande mmoja tu, laweza kumwumiza mtu. Nami nimeyaona hayo kwa macho yangu nyumbani kwa dada yangu.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mkulima huko kwetu Muheza. Ni mtu wa makamo, wala si mnene. Siku moja alipimwa damu, akaambiwa kwamba ana kisukari, akapewa vidonge, akashauriwa apunguze ugali. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba tangu siku ile ugali usiwekwe mbele yake. Je, akala nini? Alikula nyama ya kuchoma, mnofu mtupu, asubuhi na jioni. Shahamu aliikata akawatupia paka, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mafuta ni mabaya. Mchicha na kisamvu aliwaachia watoto, akisema hivyo ni vyakula vya mtu asiye na fedha.

Siku ya nne choo kilimfunga. Juma la pili alichoka hata jembe likamshinda. Kisha jioni moja, akiwa amekwisha meza vidonge vyake na tumboni hamna wanga hata kidogo, alianza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anasema maneno yasiyo na mpango. Bahati njema dada yangu alikuwa amefundishwa na muuguzi dalili za sukari kushuka mno. Akamnywesha upesi maji yenye sukari, na baada ya muda kidogo akili zikamrudia.

Nilipopata habari nilikwenda kumtazama.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mwalimu. Umenikuta hai."

"Pole sana. Ulikuwa ukila nini siku hizi?"

"Nyama, mwalimu. Si niliambiwa niache ugali?"

Dada yangu akadakia kutoka jikoni, "Aliambiwa apunguze ugali. Hakuambiwa aache mboga, wala hakuambiwa aache akili!"

Shemeji alicheka, nasi tukacheka naye, lakini wote tulijua kwamba mauti yalikuwa yamepita karibu na mlango.

Wazee wetu wamesema, mafiga mawili hayainjiki chungu. Chakula cha mtu aliyepunguza wanga hukaa juu ya mafiga matatu: la kwanza ni protini, yaani chakula cha kujenga mwili, la pili ni mafuta, la tatu ni mboga. Shemeji yangu alikuwa ameinjika chungu chake juu ya figa moja tu. Nitayachukua mafiga hayo moja moja, na kwa kila moja nitawapa habari ya watu waliolijaribu kabla yetu.

Habari ya kwanza ni ya bwana mmoja wa London aliyeitwa William Banting. Kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi, na nyumba yao ya biashara ilishughulikia hata mazishi ya wafalme. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 5 tu, lakini mnamo Agosti 1862, akiwa na umri wa miaka 65 hivi, uzito wake ulifika ratili 202, nazo ni kilo 92 hivi. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake, na ngazi alizishuka kinyumenyume ili asiumize magoti. Alikuwa amejaribu mambo mengi. Alikwenda kupiga makasia katika mto Thames asubuhi na mapema. Akapata nguvu, lakini akapata na njaa kubwa zaidi, akala zaidi.

Mwishowe alikwenda kwa tabibu William Harvey kwa sababu ya masikio yake yaliyokuwa yakififia. Tabibu huyo alikuwa amesikia huko Paris mafundisho ya mtaalamu Claude Bernard juu ya ini na sukari. Akamwambia Banting aache mkate, sukari, bia na viazi, pamoja na maziwa na siagi. Katika muda wa mwaka mmoja uzito wake ulishuka hata ratili 156, yaani kilo 71 hivi. Alifurahi mno, akaandika kijitabu mwaka 1863, akakipiga chapa kwa fedha zake mwenyewe na kuwagawia watu bure. Jina lake lilienea hata leo Waswidi wakitaka kusema mtu anajinyima chakula apungue mwili, husema "banta". Mwenyewe aliishi mpaka mwaka 1878, akafa mzee wa miaka 81.

Sasa angalieni sahani yake, maana hapo ndipo lilipo fundisho. Watu wengi waliosikia habari ya Banting walidhani kwamba alikula nyama bila mpaka. Sivyo. Nyama au samaki wake alipimiwa: asubuhi wakia 4 au 5, mchana wakia 5 au 6, usiku wakia 3 au 4. Mchana alikula na mboga za kila namna isipokuwa viazi, na matunda kidogo. Hata mkate hakukatazwa kabisa, bali aliruhusiwa kipande kidogo kilichokaushwa, uzito wake wakia moja. Ilikuwamo divai pia, nami sitawashauri kumfuata katika hilo. Lakini kwa habari ya kupima kitoweo tumfuate.

Je, kipimo chetu kiwe nini? Mtu mzima mwenye siha huhitaji protini gramu 0.8 kwa kila kilo moja ya uzito wake, kila siku. Wanafunzi, shikeni kalamu. Mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 48, tuseme 50. Mzee huhitaji zaidi kidogo, kwa sababu misuli yake hupungua upesi. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa au mtindi kina gramu 8. Kipande cha samaki au nyama iliyopikwa, chenye ukubwa na unene wa kiganja chako bila vidole, kina gramu 20 hadi 25. Konzi moja ya karanga ina gramu 7. Kwa hiyo mayai mawili, kikombe cha mtindi, kipande kimoja cha samaki na konzi ya karanga vinatosha siku nzima, wala hapana haja ya kuchinja mbuzi. Na mtu asiye na fedha ya nyama asione haya. Dagaa wakavu wana protini nyingi sana, tena huliwa pamoja na mifupa yao ambayo ina chokaa ya kuimarisha mifupa yetu.

Sasa twende kwenye figa la pili, mafuta. Figa hili watu huliogopa, nalo ndilo shemeji alilowatupia paka. Habari yake yatoka mbali, katika nchi za barafu za kaskazini mwa Kanada. Huko hakuna shamba wala bustani, na zamani Wainuiti wenyeji wa nchi hizo waliishi sehemu kubwa ya mwaka kwa samaki na wanyama wa bahari na wa nchi kavu. Kati ya mwaka 1906 na 1918 msafiri aitwaye Vilhjalmur Stefansson alikaa kwao miaka mingi, akala walichokula wao, naye akarudi na siha njema. Alipowasimulia watu wa mijini hawakusadiki. Basi mwaka 1928 yeye na mwenzake Karsten Andersen walikubali kujaribiwa katika hospitali ya Bellevue huko New York. Walikula nyama na mafuta yake tu kwa muda wa mwaka mzima, nao matabibu wakiwapima.

Mwanzoni matabibu walitaka kuona nini kitatokea Stefansson akila mnofu mtupu usio na shahamu. Hazikupita siku nyingi akaugua: tumbo likaharibika, akahara, mwili ukalegea. Walipomrudishia nyama yenye mafuta alipona kwa siku chache. Yeye mwenyewe hakushangaa. Wawindaji wa kaskazini walikuwa na jina la ugonjwa huo, waliuita njaa ya sungura. Kwa sababu mtu aliyepotea porini akala sungura waliokonda, wasio na shahamu, hula akashiba tumbo na huku anadhoofika. Katika mwaka ule wa majaribio, sehemu kubwa ya nguvu za miili yao ilitoka katika mafuta, karibu robo tatu au zaidi. Protini ilitoa sehemu ndogo tu.

Sababu yake ni hii. Mwili huchoma chakula kama jiko lichomavyo kuni, na joto lake hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini hutoa 4 vilevile, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kazi hasa ya protini ni kujenga, si kuchomwa. Ukiilazimisha iwe kuni, ini na figo hupata kazi kubwa ya kuondoa taka zake, na kazi hiyo ina mpaka wake. Protini ni mbao za fundi seremala. Zaweza kuchomwa jikoni, naam, lakini si vizuri, tena moshi wake ni mwingi.

Tufanye hesabu nyingine. Mwanamume wa shamba hula ugali wa unga gramu 300 kwa siku bila shida. Akipunguza gramu 200, ameondoa wanga gramu 150 hivi, maana karibu robo tatu ya unga wa mahindi ni wanga. Gramu 150 mara 4 ni kalori 600. Je, kalori hizo 600 zitatoka wapi? Kama mtu ni mnene, sehemu yake itatoka katika mafuta aliyokwisha kuyahifadhi mwilini. Ghala lake limejaa, na afungue ghala. Ndiyo sababu Banting aliweza kuacha mkate na siagi pamoja. Lakini mtu mwembamba kama shemeji yangu hana ghala. Asipokula mafuta, mwili wake utaila misuli yake mwenyewe. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia hutoa kalori 120, na konzi ya karanga 170. Vijiko viwili katika mboga za siku nzima, konzi moja ya karanga na nusu ya parachichi zitamkaribisha kwenye hizo 600, wala tumbo halitalemewa.

Je, mafuta yote ni sawa? Hapana. Mafuta ya alizeti, ufuta na karanga, na yale yaliyomo katika samaki, korosho na parachichi, ni mema zaidi kwa moyo. Samli, shahamu na tui zito la nazi tuvitumie kwa kiasi, maana vikizidi huongeza lehemu katika damu. Nami sisemi mtu anywe mafuta kama uji. Nasema asile mnofu mtupu na huku ameacha wanga.

Figa la tatu ni mboga, na habari yake si ya mbali, ni ya jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1931 ulichapishwa uchunguzi wa matabibu wawili, John Boyd Orr na John Gilks, waliolinganisha Wamasai na Wakikuyu wa siku zile. Huyo Orr baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa shirika la dunia la chakula na kilimo, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Waliona kwamba Wamasai waliishi zaidi kwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu kwa nafaka, viazi na kunde. Mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake wa Kikikuyu urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23. Mtu mwenye haraka atasema, "Basi tule nyama na maziwa tu, hadithi imekwisha."

Haikwisha. Matabibu hao hao waliandika pia magonjwa. Kwa Wakikuyu waliona zaidi upungufu wa damu, meno mabovu, vidonda na magonjwa ya kifua. Lakini kwa Wamasai waliona zaidi kufunga choo na maumivu ya viungo. Tena waliona kwamba wanawake wa Kikikuyu walikula majani mabichi ya mboga ambayo wanaume waliyadharau kuwa ni chakula cha wanawake. Na kwa wanawake hao upungufu haukuwa mkubwa kama kwa wanaume. Wanahistoria wa miaka ya baadaye wameukosoa uchunguzi huo, wakisema kwamba uligawa watu mafungu mawili kwa urahisi mno, na kwamba chakula chao kilikuwa cha namna nyingi zaidi. Hilo ni kweli. Wamasai wenyewe hawakuacha mimea kabisa, kwani desturi yao ni kutia magome na mizizi ya miti katika supu ya nyama. Mwili uliwafundisha kwamba nyama peke yake haitoshi.

Mboga hufanya nini? Huleta makapi laini, yale tuitayo nyuzinyuzi, yasukumayo chakula matumboni na kuzuia choo kufunga. Huleta vitamini na madini ambayo mnofu hauna au unayo kwa uchache. Tena hujaza tumbo bila kujaza wanga. Mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mnavu, bamia, bilinganya, kabichi, nyanya na matango, hizo zote mtu aliyepunguza wanga ale hata nusu ya sahani yake ijae. Lakini ajihadhari asidanganywe na jina. Viazi, mihogo na magimbi hutoka shambani kama mboga, lakini ni wanga. Maharage yako katikati: yana protini, yana nyuzinyuzi, na wanga pia umo. Basi yaliwe kwa nusu kikombe, wala yasiachwe.

Hapa napenda kuwasifu bibi zetu. Ni nani aliyewafundisha kuunga mchicha kwa karanga, au kisamvu kwa nazi? Hawakusoma kitabu, lakini leo twajua kwamba rangi ile iliyomo katika majani mabichi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho, haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta kidogo. Mwaona jinsi mafiga yanavyotegemeana: mafuta huifungulia mboga njia, mboga huitengenezea nyama njia, nayo nyama hujenga mwili utakaovitumia vyote. Nanyi mpikao mboga, zisafisheni kabla ya kuzikata, zipikwe kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe, maana mengi ya manufaa yamo ndani yake. Lakini kisamvu kina desturi yake, nacho hakina budi kutwangwa na kuchemshwa sana kwa ajili ya sumu iliyomo katika majani mabichi ya muhogo.

Sasa niwaonyeshe siku moja ya shemeji yangu, kama tulivyoipanga pamoja na muuguzi. Asubuhi, mayai mawili yaliyokaangwa na nyanya na mchicha kwa kijiko kimoja cha mafuta, na chai bila sukari. Mchana, samaki wa kiganja kimoja, majani ya kunde au bamia kwa nusu ya sahani, na ugali mdogo usiozidi ngumi yake. Alasiri, konzi ya karanga au nusu ya parachichi. Jioni, dagaa waliopikwa na bilinganya, maharage nusu kikombe, na kikombe cha mtindi. Wanga haukutoka kabisa; ulipungua tu, ukaliwa kwa kipimo. Hamna kitu kisichopatikana gulioni, wala hakuna kilichotoka ng'ambo. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile nyama ya kuchoma ya kila siku, na hilo dada yangu hulikumbusha mara kwa mara.

Kabla sijamaliza nina maonyo manne, nami naomba myashike kuliko yote niliyosema.

La kwanza: mtu atumiaye dawa za kisukari, za kumeza au za sindano, asipunguze wanga kabla ya kumwambia daktari, maana dawa iliyopimwa kwa sahani ya zamani yaweza kuwa kali mno kwa sahani mpya. Akianza kutetemeka, kutoka jasho, kushikwa na njaa ya ghafula au kuchanganyikiwa, apewe mara moja maji yenye sukari. Kama amezimia, asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe upesi kwa mganga.

La pili: mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa shauri lake mwenyewe.

La tatu: habari hii si ya watoto, wala ya mama mwenye mimba au anyonyeshaye. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za watoto walioachishwa maziwa wakalishwa uji wa mahindi mtupu. Walivimba miguu, ngozi ikabambuka, wengi wakafa. Ugonjwa ule ndio tuitao kwashakoo. Mtoto ahitaji mafiga yote matatu, na wanga wake vilevile. Baba asimnyime mtoto uji kwa sababu yeye mwenyewe ameacha ugali. Na wala asiwale watoto mayai na maziwa yao kwa sababu hiyo.

La nne: mtu mwenye siha, alimaye tangu alfajiri, asiyekuwa na kisukari wala unene, hana sababu ya kuuogopa ugali. Nafaka zimewalea babu zetu. Yafaa apunguze sukari na soda, aongeze mboga na kitoweo, basi.

Mtaniuliza habari za shemeji. Alikwenda kwa daktari, vidonge vyake vikapimwa upya, na damu yake ikaendelea kupimwa kila mwezi. Choo kilifunguka, nguvu zikarudi, na msimu uliopita alilima shamba lake mwenyewe. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimkuta akila matembele, naye akaona jicho langu likitazama sahani.

"Mwalimu," akasema, "hiki chakula cha mtu asiye na fedha nimekionja. Kumbe ndicho kilichokuwa kikiwanenepesha watoto."

Dada yangu hakusema neno. Alimwongezea upawa mwingine.

Basi, wasikilizaji wangu, mtu akikuambia kwamba ameacha wanga, usimwulize amepungua ratili ngapi. Mwulize ameweka nini mahali pake, na kama mafiga yake ni matatu. Kwa herini, na mlale salama.